Futa Aya ya Kwanza

Chukua asaimenti yoyote ya chuo, ya mwaka wa kwanza au wa tatu, ya Dar es Salaam au ya Mwanza, usome aya ya kwanza. Kama somo ni maendeleo, utamkuta Walter Rodney, 1972, ameitwa aje atuambie maendeleo ni nini. Kama somo ni fasihi, utamkuta Wamitila wa 2003 au Mulokozi wa 1996, au Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI imefunuliwa ili tujue maana ya neno "riwaya". Mhadhiri anayesahihisha anajua riwaya ni nini. Aliyeandika naye anajua. Sasa aya ile imeandikwa kwa ajili ya nani?

Imeandikwa kwa ajili ya maksi. Na zilizobaki zote zinaifuata kwa mtindo uleule: hoja sita, kila moja na mfano wake, halafu "kwa kuhitimisha" inayorudia yote tuliyokwisha kusoma. Tumewafundisha vijana kujaza fomu, tukaiita insha. Halafu tunakaa vijiweni na kwenye makongamano kulalamika kwamba wasomi wa siku hizi hawafikiri.

Wapo wanaosema tatizo ni Kiingereza. Siwabezi. Mtoto wa hapa Bugarama husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, na nyumbani pengine anaongea Kisukuma, halafu kidato cha kwanza anaambiwa biolojia, historia na jiografia zote sasa ni Kiingereza. Huo ni mzigo, na watu wamepoteza maisha yao ya shule chini yake. Lakini kama tatizo lingekuwa lugha peke yake, basi insha za kozi za Kiswahili zingekuwa moto wa kuotea mbali. Hebu zisome. Mwanafunzi anapewa Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 iliyowahi kuzuiwa mashuleni, anaigawa kama nyama buchani: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kila kipande kimewekwa pake, na riwaya imekufa. Hakuna aliyeuliza swali ambalo msomaji yeyote wa kawaida angeuliza: Rosa aliangamizwa na ukali wa baba yake Zakaria, au na shule, au na wanaume, au na uamuzi wake mwenyewe? Na Kezilahabi anamlaumu nani? Hapo kuna ubishi wa usiku kucha. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna ubishi, kuna orodha. Na orodha hiyo iko kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Wengine siku hizi wanasema tatizo ni ChatGPT. Jamani! Kabla ya akili mnemba kulikuwa na desa. Kulikuwa na kazi ya kikundi ambayo mmoja anaandika na tisa wanaandika majina. Kulikuwa na kazi ya mwaka jana inayobadilishwa jalada pale steshenari. Mashine imeikuta insha ambayo haina mwenyewe, ikaiandika kwa sekunde kumi. Ukitoa swali linaloweza kujibiwa bila mtu yeyote kuamini chochote, usishangae likijibiwa na kitu kisichoamini chochote.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1970 pale Mlimani, wanafunzi walikuwa wakitoa jarida lao, Cheche, wakilichapa kwa stensili. Humo ndimo Issa Shivji, kijana wa miaka 24, ndiyo kwanza anamaliza shahada ya sheria, alipotoa insha ndefu kuhusu mapambano ya kimya ya kitabaka nchini Tanzania. Ilikuwa miaka mitatu tu baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima inaimba utaifishaji. Yeye akauliza: mali zikishataifishwa, ni nani hasa anayezitawala? Mfanyakazi, au tabaka jipya la watendaji ambao bado wamefungwa kamba na makampuni ya nje? Alikuwa na swali, alikuwa na upande, na alikuwa na ushahidi wa kampuni na mikataba. Wakubwa kwa vijana wakamjibu, wakiwemo John Saul, Tamás Szentes na huyohuyo Rodney, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikayatoa yote kama kitabu. Cheche lenyewe lilipigwa marufuku mwaka ule ule wa 1970. Insha ya kijana iliwafanya watu wazima wakose usingizi.

Unaweza kusema Shivji alikosea, na wapo waliosema hivyo palepale. Lakini ili useme amekosea, lazima kwanza awe amesema kitu. Insha zetu nyingi haziwezi kukosea. Huyo Rodney alikuwa Mlimani akibishana na vijana wale, na leo tumemgeuza kuwa tafsiri ya neno kwenye aya ya kwanza. Hakuna dharau kubwa kwa mwandishi kuliko hiyo.

Nitatoa mfano wa huku kwetu. Swali pendwa la kozi za maendeleo ni hili: "Jadili mchango wa sekta ya madini katika maendeleo ya Tanzania." Mwanafunzi ataleta ajira, kodi, fedha za kigeni, miundombinu, huduma za jamii, na ya sita ataitafuta popote. Mhadhiri ataweka vema sita. Wote wawili wamemaliza kazi, na hakuna aliyegusa dhahabu.

Sasa mpe mwanafunzi huyo swali hili. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje. Kamati mbili, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemiah Osoro, zikatoa ripoti. Julai mwaka huo Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikapelekewa dai la kodi, riba na adhabu linalofikia dola bilioni 190. Januari 2020 serikali na Barrick wakasaini makubaliano: dola milioni 300 za kumaliza mgogoro, hisa asilimia 16 kwa serikali, na kampuni ya ubia ya Twiga. Je, nchi ilishinda?

Hapo huwezi kujificha nyuma ya tafsiri. Ukisema tulishinda, nitakuuliza dai la bilioni 190 lilienda wapi, na nitakukumbusha kwamba Bulyanhulu ilipunguza shughuli mwaka 2017, watu wakarudi nyumbani bila kazi, na sisi majirani wa mgodi tuliona maduka yakifungwa. Ukisema tulishindwa, nitakuuliza kabla ya hapo serikali ilikuwa na hisa ngapi kwenye mgodi ule, na kama tarakimu kubwa mezani haikuwa mbinu ya kuanzia mazungumzo. Kila jibu lina gharama. Insha nzuri ni ile inayolipa gharama hiyo hadharani, mbele ya msomaji.

Mchimbaji mdogo hamwambii mwenye karasha dhahabu ni nini kwa mujibu wa fulani. Anasaga kipande cha jiwe, anaosha kwenye karai, anasema "tazama". Kama hamna kitu, kila mtu anaona.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliye chuoni, nakuomba mambo machache. Futa aya ya kwanza, uone kama kazi yako imepungukiwa chochote. Andika jibu lako kwa sentensi moja ambayo rafiki yako anaweza kuikataa. Kama hakuna anayeweza kuikataa, hujajibu. Mtafute mtu mwenye akili anayekupinga, ueleze hoja yake vizuri kuliko yeye, ndipo umjibu. Ukimnukuu mtu, afanye kazi: akuunge mkono au umpinge, asikae tu pale kama mgeni rasmi. Na usihesabu hoja. Moja iliyosimama inatosha.

Lakini mzigo mkubwa nauweka kwa wahadhiri. Najua mna mamia ya karatasi za kusahihisha, na vema sita zinasahihishwa haraka. Najua mwanafunzi mwenyewe anaogopa sap na kudisko, kwa hiyo ataandika kile kinacholipa. Ndiyo maana nyinyi ndio wenye ufunguo. Badilisheni kinacholipa. Toeni swali moja kwa muhula ambalo mtu anaweza kulikosea, na mumpe maksi aliyekosea kwa hoja kuliko aliyepatia kwa orodha. Vijana watabadilika ndani ya mwaka mmoja, maana hakuna anayesoma alama za nyakati kama mwanafunzi.

Mtaniambia insha ni insha tu, kijana atahitimu, atapata kazi, ataisahau. Hapana. Huku kwetu maisha ya watu huamuliwa na insha. Ripoti ya tathmini ya mazingira ni insha. Taarifa ya mthamini inayosema shamba la bibi yako lina thamani kiasi gani ni insha. Ripoti za zile kamati mbili zilikuwa insha. Zimeandikwa na watu wanaojua kujenga hoja, na kijijini aliyesoma ndiye anayeitwa azisome kwa niaba ya wengine. Wazee wanamkabidhi karatasi, wanamuuliza: "Mwanangu, hawa wanasemaje, na wametudanganya wapi?" Kijana aliyefundishwa kuorodhesha hoja sita atawaeleza vizuri sana maana ya neno fidia. Kisha mkutano utafungwa, na watasaini.