Viungo Vikivimba, Usiseme Ni Uzee



Yako maumivu tuliyoyazoea mno majumbani mwetu hata hatuyaulizi tena. Mama anaamka vidole vimekakamaa, anaambiwa ni baridi. Shangazi viganja vimemvimba, anaambiwa ni umri. Binti wa miaka 30 anashindwa kufunga vifungo vya sare ya mwanawe, na minong'ono inaanza kwamba ametupiwa kitu. Miongoni mwa hao wamo wenye ugonjwa unaojulikana, wenye vipimo na wenye dawa: baridi yabisi ya aina ambayo madaktari huiita rumatoidi. Nakuomba jambo moja tu. Kiungo kikivimba na kukaza kwa wiki kadhaa, usikitafutie sababu mwenyewe nyumbani. Nenda kapimwe, na uende mapema.

Si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi nao duniani, na takribani 70 kati ya kila 100 ni wanawake. Wengi huanza kuugua kati ya miaka 30 na 60, umri ambao mtu ana watoto shuleni, ana shamba au biashara, na wazazi wanamtegemea. Akilala yeye, nyumba nzima inayumba.

Mfikirie mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri. Anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, lakini kifuu hakishikiki. Akikamua tui, vifundo vya vidole vinawaka. Mfuniko wa dumu la mafuta mpaka amwamshe mtoto amfungulie. Inapofika saa mbili asubuhi vidole vimelegea kidogo na wateja wanamwona mzima. Jirani mchangamfu akimpa mkono na kuubana, anauma midomo ili asilie. Jioni amechoka kuliko kazi aliyoifanya.

Hayo yote ni dalili. Ukakamavu wa asubuhi unazidi nusu saa, na mara nyingi hupita saa nzima. Uvimbe huanzia kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, tena kwa kawaida pande zote mbili. Vifundo vya vidole huuma vikibanwa. Wengine hupata homa ndogo ndogo, hukosa hamu ya chakula na kupungua uzito. Goti lililochakaa kwa umri huuma zaidi baada ya kutembea na kutulia ukipumzika, lakini viungo vya rumatoidi hukaza ukipumzika na kulegea ukianza kujongea. Jongo nalo huja ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Hata homa ya chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, inaweza kumwachia mtu maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Magonjwa haya yanafanana kwa macho, lakini matibabu yake ni tofauti. Ndiyo maana mtaalamu huchunguza viungo kimoja kimoja, hupima damu, na inapobidi huagiza picha ya eksirei.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Utando huo huvimba na kunenepa, kisha huanza kula gegedu na mfupa ulio jirani. Kano hulegea, na vidole taratibu huanza kulalia upande. Mashambulizi hayaishii hapo. Yanaweza kufika kwenye mapafu na macho, yanapunguza damu, na mwenye ugonjwa huu yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo.

Kwa nini kinga igeuke? Sababu si moja. Urithi una sehemu yake, ingawa kuwa na ndugu mgonjwa hakumaanishi kwamba nawe lazima uugue. Sigara imethibitika kuongeza hatari, na unene uliopitiliza pia umo. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa asikie maumivu zaidi, lakini haianzishi ugonjwa: mkazi wa Lamu kwenye joto anaweza kuugua sawa na mkazi wa Makete kwenye umande. Hauambukizi kwa kupeana mikono wala kwa kula pamoja. Wala hakuna binadamu anayeweza kumtupia mwenzake ugonjwa huu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni muda. Mfupa ulioliwa haurudi, na uharibifu mwingi huanza katika miaka miwili ya kwanza. Hiyo ndiyo miaka tunayoimaliza kwa kuchua, kwa dawa za kununua barabarani na kwa kuzunguka kwa waganga. Diklofenaki hupunguza maumivu, ila haizuii mfupa kuliwa, na ukiitumia muda mrefu bila usimamizi inaweza kukuletea vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Prednisoloni hutuliza haraka, na daktari anaweza kukupa kwa muda mfupi. Ukijinunulia mwenyewe mwezi baada ya mwezi, inaweza kukuletea kisukari na kudhoofisha mifupa ile ile unayotaka kuiokoa.

Dawa za kuuzuia ugonjwa wenyewe zipo. Inayotangulia kwa wagonjwa wengi ni methotrekseti, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Humezwa mara moja tu kwa wiki, na hapa naomba umakini wako wote: kuimeza kila siku kwa makosa kumeshaua watu. Huambatana na vidonge vya foliki asidi na vipimo vya damu vya mara kwa mara, na haifai kabisa kwa mjamzito, hivyo mwanamke anayepanga kuzaa amweleze daktari mapema. Ipo pia haidroksiklorokwini, ya ukoo mmoja na klorokwini ambayo wengi wetu tuliinywa kwa malaria. Anayeitumia kwa muda mrefu anahitaji kupimwa macho. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla hujaona nafuu. Usiziache kwa sababu wiki ya pili imepita na bado unaumwa. Haziuondoi ugonjwa moja kwa moja, lakini zikianzwa mapema na kufuatiliwa vizuri, watu wengi huutuliza wakaendelea na kazi zao.

Kwa hiyo wito wangu ni kwetu sote. Wewe unayeumwa, ukienda hospitali sema wazi: vimevimba viungo vipi, tangu lini, na asubuhi vinachukua muda gani kulegea. Ukiambiwa ni uchovu tu na uvimbe ukabaki, rudi, uombe rufaa kwa daktari bingwa. Ninyi wa nyumbani, msiseme anadeka kwa kuwa jana mlimwona mzima. Ugonjwa huu hupanda na kushuka. Mchukulieni ndoo na kinu, lakini msimkataze kutembea wala kujinyoosha, kwani mazoezi mepesi yanamsaidia. Mwajiri, mruhusu aanze kazi baada ya viungo kulegea, na umpe siku ya kliniki bila kumkata mshahara. Muuza duka la dawa, mteja akirudi mara ya tatu kwa dawa ile ile ya maumivu, mwelekeze hospitali. Na ninyi viongozi wetu, madaktari bingwa wa viungo ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Wafundisheni wahudumu wa zahanati kuutambua ugonjwa huu, na hakikisheni dawa zake zinapatikana hospitali za wilaya na zinalipiwa na bima.

Tarehe 12 Oktoba kila mwaka ni siku ya dunia ya magonjwa ya viungo, lakini hatuna sababu ya kuingoja. Wiki hii muulize mama yako, mkeo, dada yako au mfanyakazi mwenzako: asubuhi vidole vinachukua muda gani kulegea? Akikujibu kuwa ni zaidi ya nusu saa, na uvimbe upo, pangeni siku ya kwenda hospitali, kisha umsindikize.