Mnyororo Usiokosea na Alama ya Kukisia

Nchini Marekani kuna mchezo ambao wenyewe huuita futiboli, ijapokuwa mguu hauna kazi kubwa ndani yake. Mpira wake una umbo la yai, wachezaji huvaa kofia ngumu, nao hugongana kama mafahali. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu, kwani mwaka 2013 Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alijiunga na timu ya Indianapolis Colts. Hata hivyo, wengi wa wanafunzi wetu huutazama katika runinga bila kujua kinachopimwa. Kwa ufupi, timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Ikifaulu hupewa majaribio mengine 4. Ikishindwa hupokonywa mpira. Kila jaribio hukoma pale mbebaji anapoangushwa, na hapo mwamuzi huja mbio, akasimamisha mguu wake nyasini kana kwamba anasema: mpira ulifika hapa.

Panapozuka shaka, kwa miaka mingi watu wameingia uwanjani wakiwa na fimbo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi 10, wakaunyosha mbele ya maelfu ya mashabiki ili ijulikane kama mpira umevuka au umepungukiwa na upana wa kidole. Mnamo Aprili 2025 wasimamizi wa ligi kuu ya huko, NFL, walitangaza kwamba mnyororo huo umestaafishwa na kuwekwa akiba. Kuanzia msimu wa 2025 kazi yake inafanywa na mtambo uitwao Hawk-Eye wa kampuni ya Sony, wenye kamera 6 katika kila uwanja. Mtambo hupima kwa muda wa sekunde 30 hivi, kisha huwaonyesha mashabiki picha nzuri ya kuchorwa.

Jambo ambalo wengi hawakuligundua ni hili: anayeuweka mpira nyasini bado ni yule yule mwamuzi mwenye mguu wake. Kamera hazisemi mpira ulifika wapi. Husema tu kuwa kutoka pale mwamuzi alipokisia hadi kwenye mstari ni inchi kadhaa. Kwa maneno mengine, Wamarekani wamenunua mizani ya dhahabu ili kupima gunia ambalo hakuna aliyehesabu limejazwa nini.

Ushahidi haukuwa mbali. Mnamo Januari 26, 2025, timu ya Buffalo Bills ilikuwa ikiongoza Kansas City Chiefs kwa 22-21 katika nusu fainali ya taifa. Josh Allen wa Buffalo alijitosa katika rundo la watu akitafuta yadi moja tu. Mwamuzi wa upande mmoja alionekana kuona amefika, wa upande wa pili akaona hajafika, na neno la huyu wa pili ndilo lililosimama. Chiefs walipewa mpira, wakafunga, na mwishowe wakashinda 32-29. Kamera za kupima mnyororo zisingemfaa Allen kwa lolote, maadamu ugomvi ulihusu mahali pa kuanzia kupima.

Msomaji atauliza: mbona wasitie kidude ndani ya mpira wenyewe? Wametia. Tangu 2017 mipira ya NFL ina kidude kinachotuma habari za mwendo wake, lakini hakijawa na uhakika wa kutosha kuamua ugomvi wa inchi. Isitoshe, haitoshi kujua mpira ulikuwa wapi. Sharti ijulikane ulikuwa wapi wakati ule goti la mbebaji lilipogusa ardhi, na goti hilo limefunikwa na miili ya watu sita wenye uzito wa kilo mia na zaidi kila mmoja. Hapo kamera nayo ni kipofu.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu hapa kwetu, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, kumezuka hamu kubwa ya mitambo katika michezo ya shule. Hamu hiyo iliongezeka baada ya mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda mnamo Agosti 2025. Vijana waliona refa akikimbilia runinga ya kando ya uwanja pale Kasarani, akarejea na uamuzi mwingine. Sasa kila goli lenye utata katika viwanja vyetu hufuatwa na kelele za kutaka picha irudiwe, na simu kumi za mkononi hunyanyuliwa kama mashahidi mahakamani.

Sipingi picha. Ninachopinga ni kuanza kujenga nyumba kwa paa. Viwanja vingi vya shule nilivyovitembelea katika miaka niliyokuwa mlezi wa michezo havikuwa na nyavu langoni. Mistari yake huchorwa kwa chokaa au kwa vumbi la mbao lililoombwa kwa seremala, na huchorwa asubuhi ya mechi. Michezo ya kandanda huja muhula wa pili, wakati wa mvua na baada yake ile baridi ya Juni na Julai inayoshuka kutoka mlimani na ukungu wake. Ifikapo saa tisa alasiri, mstari wa asubuhi umekwisha kunywewa na nyasi.

Niliwahi kushuhudia mechi moja ya wilaya, ambayo sitazitaja shule zake, ambapo mkwaju ulipigwa kwa nguvu ukapita karibu na mlingoti wa kushoto na kutokomea kwenye migomba. Wavu haukuwapo. Wafungaji wakashangilia; walinda lango wakadai umepita nje. Refa alikuwa katikati ya uwanja. Mshika kibendera alikuwa mwalimu wa shule mwenyeji, na kibendera chake, ambacho kilikuwa kitambaa cha kufutia ubao, kikanyanyuliwa kwa kusitasita. Nusu saa baadaye vioo vya basi la wageni vilikuwa vimevunjwa kwa mawe. Mechi haikurudiwa, na timu zote mbili zikapigwa marufuku msimu mzima. Baadhi ya wavulana wale walikuwa kidato cha nne. Msimu mwingine hawakuupata.

Ni wavu tu uliokosekana. Na wavu, ndugu zangu, ni teknolojia. Haukuzaliwa pamoja na kandanda. Ulibuniwa na John Alexander Brodie, mhandisi wa jiji la Liverpool, kwa sababu ya ugomvi wa namna hii hii, wa mpira uliopita mlingoti pasijulikane ni upande gani. Mnamo 1891 nyavu zake zilianza kutumika, na tangu hapo mamilioni ya magoli yameamuliwa bila mtu kufungua kinywa. Hauhitaji umeme wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Kuna ugomvi mmoja ambao wavu hauwezi kuumaliza, nao ni ule wa mpira uliogonga mwamba ukadunda mstarini, kama ule wa Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani pale Bloemfontein mwaka 2010. Kwa huo dunia ilileta kamera za mstari wa goli katika Kombe la Dunia la 2014. Utaratibu ni huo: wavu kwanza, kamera baada ya zaidi ya miaka mia moja ishirini.

Aidha, mtambo usiosimamiwa ni hatari kuliko kutokuwa na mtambo. Mnamo Mei 31, 2019, katika fainali ya klabu bingwa za Afrika mjini Radès, Tunisia, Wydad ya Morocco ilifunga bao la kusawazisha dhidi ya Espérance, likakataliwa. Wachezaji wakadai picha itazamwe, na kumbe mtambo haufanyi kazi. Wydad wakagoma kuendelea, mechi ikavunjika, na kesi ikaenda hadi mahakama ya michezo ya kimataifa. Lau wangalijua tangu mwanzo kwamba siku hiyo hakuna picha, huenda wangalinung'unika tu na kuendelea kucheza, kama watu walivyofanya kwa miaka mingi. Wala tusidhani ni balaa la Afrika pekee. Wimbledon iliwaondoa waamuzi wake wa mistari mwaka 2025, na katika Julai hiyo hiyo, sehemu ya mtambo ikazimwa kwa makosa ya mtu mechi ikiendelea.

Kipimo bora ni kile kinachokiri udhaifu wake. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, alikimbia marathoni ya Chicago mnamo Oktoba 7, 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, akaivunja rekodi ya dunia ambayo Mjapani Naoko Takahashi alikuwa ameiweka mjini Berlin wiki moja tu kabla. Twaijua saa. Je, njia? Wapimaji wa njia za marathoni hutumia baiskeli iliyofungwa kidude cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kisha huongeza mita 1 katika kila mita 1,000. Wanajua gurudumu hudanganya kidogo kwa sababu ya joto na upepo wa tairi, hivyo wanahakikisha kuwa kosa likitokea liwe la kurefusha njia, kamwe si la kuifupisha. Kwa nadharia, mkimbiaji huongezewa mita 42 ili rekodi yake isije ikatiliwa shaka. Sijaona unyenyekevu wa aina hiyo katika picha za kuchorwa za Hawk-Eye, ambazo huonyesha ncha ya mpira na mstari kama kwamba hapakuwa na mguu wa mwamuzi katikati.

Walimu wenzangu watanielewa upesi nikitaja usahihishaji. Insha ya Kiswahili hutuzwa alama 20. Mwalimu mmoja ataipa 12, mwenzake ataipa 14, na wote wawili ni waaminifu waliosoma mwongozo mmoja. Alama hiyo huingizwa katika tarakilishi, ikajumlishwa na kugawanywa, na mwishowe shule hutangaza wastani wenye desimali tatu. Wazazi wa Othaya na Mukurwe-ini wakaanza kubishana ni shule ipi iliyoipiku jirani yake kwa nukta sifuri sifuri nne! Desimali ile ya tatu ndiyo ule mnyororo wa Wamarekani. Nadhani mwanafunzi aliyelielewa hili atautazama mtambo wowote kwa macho mengine.

Turejee kwenye simu za mkononi, maana ndizo mitambo tuliyo nayo. Mwalimu yeyote wa fizikia atakwambia kuwa ukisoma rula ukiwa umekaa upande, utasoma milimita zisizo zake. Ndivyo ilivyo langoni. Simu ya shabiki aliyesimama penye kibendera cha katikati itaonyesha mpira umevuka mstari ilhali haujavuka, au kinyume chake, na kila upande utapata video inayousaidia. Simu moja tu ndiyo yenye thamani: ile iliyosimamishwa juu ya kigingi, sawasawa na mstari wa goli, kabla ya mechi kuanza, mbele ya makapteni wa timu zote mbili. Nyingine zote ni kelele.

Ningependa basi wasimamizi wa michezo ya shule katika kaunti zetu wakubaliane mambo machache kabla ya muhula wa pili. Shule isiyo na nyavu mbili nzima isiruhusiwe kuwa mwenyeji. Mistari ichorwe upya wakati wa mapumziko ikiwa mvua imenyesha, hata kama mechi itachelewa. Washika vibendera watoke katika shule ya tatu, nao wafundishwe walau kwa siku moja mahali pa kusimama, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Atakayetaka kutumia simu ya kigingi na aitumie, mradi sheria yake iandikwe na kusomwa kwa sauti kabla ya kipenga, na mradi ielezwe wazi nini kitafuatwa simu ikizimika.

Hesabu ya gharama waachiwe wanafunzi wa kidato cha pili. Wapewe futi kamba, wapime milingoti na kina cha lango la shule yao, wahesabu kamba inayohitajika kwa wavu wenye matundu ya sentimita 12, kisha waende sokoni Karatina kuulizia bei ya kamba. Wavu unafumwa kwa mkono, na katika vijiji vyetu wafumaji wa viondo bado wapo.