Mahari Si Bei ya Mwili: Juu ya Kumwoa Mwanamke Aliyeacha Ukahaba



Katika mafundisho ya maandalizi ya ndoa liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi nje ya darasa, wengine wakiwa wamekwisha kuondoka. Huulizwa na kijana aliyependa, na pengine na mama wa kijana huyo, ila kwa nia tofauti. Je, yafaa Mkristo kumwoa mwanamke ambaye zamani aliishi kwa kuuza mwili wake? Kijana huuliza akitafuta ruhusa. Mama huuliza akitafuta katazo litakalotoka kinywani mwa Kanisa, ili yeye mwenyewe asilazimike kulitamka. Wote wawili wanastahili jibu la wazi, na jumuiya zetu zinalihitaji kuliko wao.

Swali hilo si geni kwetu Katanga, na sababu zake twazijua. Tazameni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako malori ya shaba na kobalti hupanga mstari mrefu na madereva hulala siku kadhaa mbali na wake zao. Tazameni Kolwezi na vijiji vinavyozunguka migodi, ambako wanaume huja kwa wingi bila jamaa zao, wenye pesa leo na wakosefu kesho. Penye wanaume wengi walio mbali na nyumba zao, na wanawake wengi walio karibu na njaa, biashara hiyo huota yenyewe kama magugu. Anayeingia humo mara nyingi ni mjane aliyefukuzwa na ndugu za marehemu mumewe, ingawa Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki yake katika urithi. Ni msichana aliyekosa pesa ya shule. Ni mke aliyeachwa na watoto watatu na mume aliyekwenda kuchimba asirudi tena. Wako pia walioingia kwa hiari yao, kwa kupenda pesa; nao pia wana roho.

Kueleza sababu si kuhalalisha tendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2355, inafundisha kwamba ukahaba ni dhambi kubwa daima, kwa kuwa unamfanya mtu kuwa kitu cha kustareheshea wengine. Lakini namba hiyohiyo inaongeza mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyaruka. La kwanza, kwamba umaskini mkali, vitisho na shinikizo la jamii vyaweza kupunguza uzito wa lawama juu ya mtendaji. La pili, kwamba anayelipa pia anatenda dhambi kubwa, na analitia unajisi hekalu la Roho Mtakatifu ambalo ni mwili wake mwenyewe. Nitalirudia jambo hili la pili.

Basi jibu la Kanisa ni lipi? Kanuni ya 1058 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba wote wasiokatazwa na sheria wanaweza kufunga ndoa. Someni orodha ya vizuizi vya ndoa tangu mwanzo hadi mwisho: mtakuta umri, kifungo cha ndoa ya awali, daraja takatifu, undugu wa damu, na vingine. Hamtakuta humo ukahaba wa zamani. Aliyeacha njia hiyo, asiye na mume mwingine, anayekubali kwa hiari yake kuishi na mume mmoja hadi kifo, anayo haki ya kusimama mbele ya altare kama bibi arusi mwingine yeyote. Padri hamfanyii hisani. Anaitimiza haki yake.

Wala jibu hili si la juzi. Mwaka 1198 Papa Inosenti wa Tatu aliandika kwamba kuwaoa makahaba ili kuwatoa katika maisha yao mabaya ni tendo la upendo lisilo dogo, akawaahidia wanaume watakaofanya hivyo maondoleo ya dhambi. Hiyo ni zaidi ya miaka mia nane iliyopita, katika zama ambazo sisi huzidhania kuwa za ukali mtupu. Na kabla ya Papa huyo yalikuwapo Maandiko. Nabii Hosea aliagizwa na Mungu kumwoa Gomeri. Rahabu wa Yeriko, ambaye kazi yake inatajwa bila kificho katika kitabu cha Yoshua, anaonekana katika sura ya kwanza ya Injili ya Matayo kama mama yake Boazi, yaani katika ukoo wa Daudi na wa Bwana wetu mwenyewe. Mwinjili angeweza kumwacha. Wanawake wanaotajwa katika orodha ile ni wachache sana, na yeye ni mmojawao.

Kwa hiyo ndoa ya namna hii haizuiliwi altareni. Huzuiliwa sebuleni, katika baraza la familia, siku ya kuzungumzia mahari. Hapo ndipo husikika maneno ambayo ningependa tuyapime kwa makini. Mjomba mmoja husema: Mwanamke huyu wamekwisha kumlipia wengi, sisi tutoe mahari ya nini tena? Mwingine, anayejiona mpole zaidi, husema: Tutoe, lakini kidogo, kwa maana si mpya.

Wapendwa, maneno hayo yanatoka wapi? Mahari katika mila zetu ni shukrani kwa wazazi waliolea. Ni ushahidi kwamba koo mbili zimejuana, na kwamba mke haibwi bali anaombwa. Sheria ya nchi yetu nayo inaitambua mahari kuwa sehemu ya ndoa. Hakuna mzee mwenye hekima aliyewahi kufundisha kwamba mahari hupimwa kwa idadi ya siku ambazo mwili umetumika. Hesabu ya namna hiyo hufanywa mahali pengine, usiku, mlangoni pa nyumba ya wageni. Anayepunguza mahari kwa sababu bibi arusi si mpya amechukua desturi ya soko lile na kuiingiza nyumbani mwake. Anadhani anamkataa kahaba. Kumbe amekubali fundisho la ukahaba, kwamba mwanamke ana bei, na kwamba bei hushuka kwa matumizi. Mwanamke ameliacha soko hilo, na familia ya Kikristo inamngoja nje ili imuuze mara ya mwisho.

Sasa nirudi kwa wanunuzi. Katika kikao hichohicho cha baraza mna wanaume. Baadhi yao wamewahi kuwa madereva, wafanyabiashara, wachimbaji, walimu waliopelekwa kufundisha mbali. Sisemi kwamba wote wamenunua. Nasema tu kwamba kila aliyeuza alikuwa na wanunuzi wengi, nao hawakutoweka duniani. Wameoa, wamezaa, wengine wanaimba kwaya. Mama yupi amewahi kumwuliza mchumba wa binti yake kama aliwahi kulipia mwili wa mwanamke? Kwa mwanamume twasema alikuwa kijana. Kwa mwanamke twasema alikuwa malaya. Hukumu isiyo sawa kwa dhambi iliyo moja si haki ya Mungu. Yule mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi aliletwa mbele ya Yesu peke yake, kana kwamba alizini na kivuli. Sisi tumeendelea kuwaleta peke yao hadi leo.

Hata hivyo nisingependa kijana anayesoma ukurasa huu adhani kwamba kazi imekwisha kwa kuwashinda wajomba. Bado ana kazi ngumu yeye mwenyewe, na ninayo maneno manne kwake na kwa mchumba wake.

Neno la kwanza ni ukweli. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni njema kwa majirani. Kwa wachumba haitoshi. Wao wanapaswa kuambiana yaliyopita kabla ya nadhiri, si kwa kuhesabu majina na mahali, bali kwa kiasi kinachotosha ili kila mmoja ajue anampokea nani. Kanuni ya 1098 inafundisha kwamba mtu akidanganywa kwa hila ili akubali ndoa, juu ya sifa ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga sana maisha ya pamoja, ndoa hiyo si halali. Si kila ukimya ni hila, na kuamua hilo ni kazi ya mahakama ya Kanisa. Lakini nyumba iliyojengwa juu ya siri hutikisika kila mgeni anapobisha hodi. Na wote wawili wakapime afya, pamoja na virusi vya SIDA; wote wawili, si mwanamke peke yake.

Neno la pili ni hiari. Mwanamume asioe ili awe mwokozi. Mwokozi tunaye mmoja. Anayeoa ili kuokoa huanza mapema kudai malipo: ugomvi mdogo wa chumvi jikoni unatosha kumfanya aseme, Mimi ndiye niliyekutoa barabarani. Mke anayeambiwa hivyo amepata mteja mmoja mwenye madai makubwa kuliko wale wa kwanza. Kama kijana anajua moyoni kwamba siku ya hasira atalitumia neno hilo, basi asioe. Kumwacha mchumba kwa heshima ni kosa dogo kuliko kumwoa kwa dharau.

Neno la tatu ni riziki. Toba hukaa rohoni, lakini tumbo nalo lina sauti yake. Ikiwa ufukara ndio uliomwingiza katika njia ile, ndoa isiyo na mpango wa riziki inamrudisha kwenye njia panda ileile. Cherehani, meza ya sokoni, shamba dogo la mahindi au kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa ni sehemu ya maandalizi ya ndoa sawasawa na mafundisho yangu ya katekesi.

Neno la nne ni zito. Je, kama hajaacha? Wako vijana wanaofanya urafiki na mwanamke ambaye bado yumo katika kazi hiyo, wakisema kwamba upendo utamtoa. Hapa siwezi kulainisha jibu. Ndoa ya Kikristo ni uaminifu wa mmoja kwa mmoja. Haiwezi kuahidiwa na mtu ambaye kesho jioni atarudi kazini. Wala mwanamume anayekula mapato ya kazi hiyo huku akijiita mchumba hana jina zuri katika lugha yoyote. Kama anampenda kweli, na amsaidie kwanza kutoka, hata ikichukua mwaka mzima au miwili, na ndoa ingoje. Anayempenda mtu hamkimbizi kuelekea altareni kabla miguu yake haijapona.

Mwisho nawageukia wanajumuiya, kwa kuwa ndoa hizi huuawa na ndimi zetu mara nyingi kuliko udhaifu wa wanandoa. Matangazo ya ndoa yanaposomwa kanisani, waamini hutakiwa kutoa habari ya kizuizi chochote wanachokijua. Kizuizi, wapendwa, si habari za zamani. Anayekwenda kwa paroko kusema kwamba bibi arusi alionekana katika baa fulani miaka sita iliyopita hajatimiza wajibu wowote. Kanuni ya 220 inakataza kumharibia mtu jina lake jema isivyo halali, na Katekisimu inahesabu kuwa dhambi kufichua makosa ya wengine bila sababu ya kweli, hata kama makosa hayo yalitendeka. Kilichosemwa katika kitubio padri hawezi kukisema hata kwa kuuawa. Iweje sisi tukiseme kwa bure, kisimani?

Na tusisahau jinsi jina linavyong'ang'ania. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri kwamba Maria Magdalena ndiye yule mwenye dhambi aliyempaka Yesu mafuta miguuni, ingawa Injili haisemi hivyo. Kalenda ya liturujia iliyotengenezwa upya mwaka 1969 ilimtenganisha na mwanamke yule, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu yake kuwa sikukuu, kama ya mitume. Hata hivyo, waulizeni watu kesho Maria Magdalena alikuwa nani. Ikiwa mtakatifu, shahidi wa kwanza wa Ufufuko, amelibeba jina asilopewa na Injili karne zote hizo, mtazameni jirani yenu ambaye hana sikukuu wala mtetezi.

Twaamini maondoleo ya dhambi; twalisema kila Dominika tukiwa tumesimama. Bibi arusi huyu anatuomba tulisadiki hata siku ya Jumamosi, mahari inapopokelewa.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika baraza la familia zetu, mahari tunaizungumzia kama shukrani au kama bei?
2. Tunawauliza wachumba wa kiume maswali yaleyale tunayowauliza wa kike?
3. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini, kwa mikono na si kwa maneno, ili mwanamke aliyeacha biashara hiyo asilazimike kuirudia?