Anwani za redio si shamba la babu

Nimekuwa kimya siku kadhaa, kazi ilinibana. Leo nimerudi na neno, na najua baadhi yenu mtaninunia.

Hivi mnajua kwamba wapenzi wa redio za ridhaa, wale wanaorusha mawimbi kwa kujifunza na kujiburudisha bila biashara, wana shamba lao ndani ya intaneti? Mwaka wa 1981, Hank Magnuski alimwomba Jon Postel, aliyekuwa akitunza daftari la anwani, naye akawapa anwani zote za IP zinazoanza na 44. Jumla ni 16,777,216, yaani sehemu moja kati ya 256 ya anwani zote za IPv4 duniani. Enzi hizo hakuna aliyedhani zingeisha.

Zimekwisha. IANA iligawa mafungu yake makubwa ya mwisho Februari 2011. Mwaka wa 2019 ARDC, shirika la Marekani lisilo la faida linalosimamia anwani hizo za redio, likaiuzia Amazon robo nzima: anwani 4,194,304 kwa zaidi ya dola milioni 108. Piga hesabu, ni karibu dola 26 kwa kila anwani iliyotolewa bure.

Sisemi pesa zililiwa. ARDC hutoa ruzuku kwa vilabu, miradi na wanafunzi, na hilo ni jema. Kisa changu ni kwamba watumiaji wengi walisikia habari baada ya mkataba kutiwa sahihi. Wajerumani wa mtandao wa HAMNET, waliokuwa wakitumia sehemu ya fungu lile, ilibidi wabadilishe anwani. Ukiwa mpangaji utaelewa: unarudi jioni unakuta nyumba ina mwenyewe mpya.

Sasa zimebaki anwani kama milioni 12 na nusu. Zigawanywe vipi?

Wako wanaosema aliyewahi apewe. Mimi nakataa. Kanuni hiyo ina maana moja tu: asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka wa 1981 ni Wakenya wangapi walikuwa na kompyuta, sembuse modemu ya redio? Tukifuata foleni, Marekani na Ulaya watakuwa wameshiba kabla vijana wa Kisumu hawajapata leseni ya kwanza.

Wengine wanasema ziuzwe zote, tuhamie IPv6. Kuhamia IPv6 naunga mkono, tena leo kuliko kesho. Lakini 44 ni zaidi ya namba, ni alama. Leseni ya redio hii hairuhusu biashara. Ruta iliyo juu ya mnara ikiona pakiti imetoka 44, ina sababu ya kuamini kwamba mwenye kutuma ana leseni, ikaipitisha hewani na kuzizuia nyingine. Ukiuza alama hiyo umeuza uzio wa boma.

Kwangu mimi, ugawaji wa haki ni huu:

1. Anwani ziwe za kuazima, si za kumiliki. Kila mwaka aliyepewa athibitishe kwamba leseni yake iko hai na anwani zinatumika. Akinyamaza, akumbushwe. Akizidi kunyamaza, zirudi.

2. Kila mtu apewe kwa kadiri ya kazi. Ruta kubwa za dunia kwa kawaida hazipokei tangazo la fungu lililo chini ya anwani 256. Basi mtu mwenye kompyuta mbili huomba 256, na 254 zinalala. Huyo apitie lango la pamoja kwa handaki la IP, apewe 8 zimtoshe. Fungu la 256 liwe la klabu au la mnara unaohudumia wengi.

3. Kila nchi iwekewe akiba, hata ile ambayo haijaomba. Aliyechelewa kufika mezani asikute sahani zimeoshwa.

4. Daftari liwe wazi: fungu gani, nchi gani, kazi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Kusiwe na kuuza tena kabla watumiaji wenye leseni hawajaulizwa wazi.

Mtaniuliza, wewe mwandika programu wa Nairobi yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Kampuni inayoniuzia intaneti imetufungia mimi na majirani nyuma ya anwani moja. Nikiweka seva ndogo nyumbani, hakuna wa nje anayeweza kuifikia, mpaka nikodi kompyuta ya mtu ughaibuni. Anwani ya kweli ndiyo tofauti kati ya kuwa mwenyeji kwenye intaneti na kuwa mteja tu. Kijana mwenye leseni, antena ya waya na anwani nane za 44 anaweza kujifunza mitandao kwa vitendo, si kwa kukariri kitabu cha mtihani.

Anayesema anwani hizo zimekaa tupu, kwa hiyo ziuzwe, namuuliza: mbegu iliyo ghalani nayo je? Ni tupu, au inangoja mvua?

Wenye leseni, semeni sasa. Msingoje kusikia kwamba robo nyingine imekwenda. Nawasilisha.