Kijana Anapotaka Gitaa la Umeme

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani una kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, na kijana huyo ni mwanakwaya, huenda ombi hili umekwisha kulisikia: "Mama, naomba gitaa la umeme." Majibu ya wazazi wengi huwa mawili. Baba husema hela hakuna. Mama husema gitaa litamtoa mtoto kwenye masomo na kumpeleka baa. Hatuyadharau majibu hayo, maana yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini mwezi huu tungependa kuzungumza na akina mama wenzetu juu ya jibu la tatu, ambalo baba mmoja wa Uingereza alimpa mwanawe mwaka 1963. Baba huyo alikubali kwamba gitaa litapatikana, ila litatengenezwa nyumbani, na watalitengeneza wote wawili.

Jina lake lilikuwa Harold May. Alikuwa mchoraji wa michoro ya vyombo vya elektroniki katika wizara iliyoshughulikia mambo ya ndege. Yeye na mkewe Ruth walikaa Feltham, kitongoji cha magharibi ya London, na walikuwa na mtoto mmoja tu, Brian. Magitaa ya Marekani yaliyokuwa madirishani mwa maduka yalikuwa na bei isiyoshikika kwa familia kama yao. Lakini Harold alikuwa mtu wa mikono. Hata televisheni ya nyumbani aliiunda mwenyewe. Basi mwezi Agosti 1963, Brian akiwa na miaka 16, chumba kimoja cha kulala kikageuzwa karakana. Kazi ilichukua muda wa miaka miwili hivi, jioni na siku za mapumziko, na gharama yote ilikuwa kama pauni 8.

Mama msomaji, sikiliza walikopata vifaa. Shingo ya gitaa ilichongwa kutoka fremu ya mbao ngumu iliyozunguka mahali pa kuota moto katika nyumba ya zamani, ambayo wenyewe walikuwa wameitupa. Ubao ule ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja, na wadudu walikuwa wameutoboa. Matundu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka kwenye meza kuukuu. Springi mbili za kurudisha nyuzi mahali pake zilikuwa za vali za pikipiki ya mwaka 1928. Mkono wa kutikisia sauti ulitokana na chuma cha kushikia mfuko nyuma ya tandiko la baiskeli, na kichwani mwake kikawekwa kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Yale madoa meupe yanayomwonyesha mpigaji mahali pa kuweka vidole ni vifungo vya nguo, vilivyotoka katika kikasha cha kushonea cha Bibi Ruth. Hatuna habari kama aliombwa kwanza! Sisi tulio na vikasha vya namna hiyo tunajua jinsi vitu vinavyotoweka humo bila kuaga.

Huenda mtu akasema, hao walikuwa Wazungu, baba alikuwa mtaalamu, sisi tutawezaje? Tunajibu kwamba gitaa la umeme, kwa umbo lake, ni rahisi kulitengeneza kuliko gitaa la kawaida. Gitaa la kawaida lina tumbo la mbao nyembamba zilizokunjwa kwa mvuke, na tumbo hilo ndilo linalokuza sauti. Likikosewa kidogo, chombo kinakuwa bubu. La umeme halihitaji tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya, nao huenda kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika ukiwa sauti. Wanamuziki hukiita kifaa hicho pikapu, kama lile gari la kubebea mizigo, na vijana wasipofafanua mama anaweza kushtuka kusikia mwanawe anataka pikapu tatu. Kwa sababu hiyo pia nyuzi za nailoni hazifai: sumaku haziwezi kuzisikia.

Basi kiwiliwili kinaweza kuwa ubao mzima, kilo chache tu za mti mzuri. Na miti tunayo. Mkangazi ni wa jamaa moja na ile mahogani inayosifiwa na watengenezaji wa nje. Mninga hutulia vizuri ukikauka, wala haupindi ovyo. Mpingo, ambao viwanda vya Ulaya huununua kwa ajili ya zumari na klarineti, unafaa sana kwa ule ubao mwembamba wa juu ya shingo unaokanyagwa na vidole, kwa kuwa ni mgumu na hauliki upesi. Jambo kubwa ni ukavu. Ubao uliotoka juzi kwenye mashine ya kupasulia bado una maji, na shingo iliyochongwa kwao itajipinda kabla ya Krismasi. Masheremala wa zamani walikuwa na kanuni ya kuuacha ubao kivulini mwaka mzima kwa kila inchi moja ya unene. Kwa hiyo kabla ya kwenda kununua, tazama stoo. Mguu wa kitanda cha marehemu babu, au kabati lililovunjika mlango, umekwisha kukauka miaka thelathini. Hapo ndipo baba na mwana wa Feltham walipokuwa na akili kuliko watu wa dukani.

Kiwiliwili ni kazi ya msumeno, randa na msasa, na seremala yeyote wa mtaani anaweza kumwongoza kijana. Shingo ndiyo mtihani. Nyuzi sita za unene wa kawaida zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hadi 50, karibu uzito wa mfuko wa saruji, mchana na usiku bila kupumzika. Ndiyo maana ndani ya shingo hulazwa fimbo ya chuma yenye nati, ya kuizuia isipinde. Tena kuna zile nyaya za chuma zilizopigiliwa kukata shingo, wenyewe huziita freti. Hizo hazipangwi kwa macho. Chukua urefu wa uzi kutoka kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja, ugawe kwa 17.817, na hapo utapata mahali pa freti ya kwanza. Kama urefu ni milimita 648, freti ya kwanza itakuwa milimita 36.4 kutoka kwenye mfupa. Urefu uliobaki gawa tena kwa namba ile ile upate ya pili, na uendelee hivyo. Ukifika ya kumi na mbili bila kukosea utakuta imeangukia katikati kabisa, milimita 324. Isipoangukia hapo, kuna hesabu iliyokosewa njiani, na ni afadhali kuigundua kwenye karatasi kuliko kwenye mpingo. Tunamjua mama mmoja mwalimu aliyesema kwamba hakuwahi kumwona mwanawe akirudia hesabu ya kugawanya mara tatu kwa hiari yake mpaka siku hiyo.

Si kila kitu kitengenezwe. Vigingi vya kukazia nyuzi, waya wa freti, nyuzi zenyewe na pikapu, ni bora vinunuliwe, au vitolewe kwenye gitaa bovu. Kwaya nyingi zina gitaa lililovunjika shingo, limelala nyuma ya madhabahu ndani ya kanga. Hata akina May walianza kwa kutengeneza pikapu zao. Zilitoa sauti nzuri, lakini kila kijana alipousukuma uzi pembeni zilikwaruza, mwishowe wakanunua tatu za dukani. Hatuoni aibu yoyote katika hilo.

Sasa juu ya hatari, na hapa tunaomba akina mama wasome polepole. Gitaa lenyewe halina umeme wa kuua. Hatari iko kwenye amplifaya na kwenye soketi ya ukutani. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa kwa waya hadi kwenye amplifaya; kama amplifaya ina hitilafu na nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi, umeme unaweza kupanda mpaka mikononi mwa mpigaji, hasa akigusa kipaza sauti kwa mdomo huku miguu ikiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Watu wamekufa kwa namna hiyo majukwaani. Kwa hiyo kabla ya gitaa kupigwa mara ya kwanza, mwite fundi umeme aliyesomea apime waya wa ardhini, nyumbani na kanisani pia. Tena kijana akatazwe kabisa kufungua amplifaya. Hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna vyombo vinavyohifadhi umeme kwa muda. Kulehemu nyaya za ndani ya gitaa hakuna neno, mradi dirisha liwe wazi kwa ajili ya moshi, mikono ioshwe kabla ya kula kwa sababu ya risasi, na watoto wadogo wakae mbali.

Wengine watauliza kama haya yanafaa nyumba ya Kikristo. Kitabu cha kwanza cha Nyakati, sura ya 23, kinataja vyombo vya kumsifu Bwana ambavyo Daudi alivifanya. Lakini Amosi, sura ya 6, anawakemea watu waliojitungia vyombo vya muziki kama Daudi huku hawasikitiki kwa mateso ya ndugu zao. Maandiko yote mawili tunayaacha yasimame pamoja. Sisi tumeona vijana wanaopiga gitaa kwa ajili ya Bwana, na tumeona wengine wanaopigania nafasi ya kusimama mbele. Chombo ni kile kile.

Na hapa turudi Feltham, maana habari yao haikuishia kwenye vifungo vya mama. Brian alifaulu vizuri, akaenda chuo cha Imperial, London, kusoma fizikia na hesabu, kisha akaanza utafiti wa vumbi lililo angani kati ya sayari. Baba alikuwa na matumaini makubwa. Halafu katikati ya miaka ya 1970 kijana akaacha utafiti huo akafuata muziki, katika bendi iitwayo Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mengi katika maisha ya bendi kama zile hatuwezi kuyapendekeza kwa vijana wetu, lakini leo tunamtazama huyu baba. Yeye mwenyewe alishika tupa na randa miaka miwili. Yeye ndiye aliyempa mwanawe chombo. Na chombo hicho hicho kikamchukua mwana kwenye njia ambayo baba hakuitaka. Aliumia sana, na kwa muda mrefu mazungumzo kati ya wawili hao yalikuwa machache.

Tunadhani mama yeyote aliyemlipia mtoto masomo ya jambo moja akamwona anafuata jingine anaelewa maumivu hayo. Tunadhani pia kwamba zile jioni za karakana hazikupotea. Waliokaa miaka miwili wakipima milimita pamoja wana lugha yao, hata wasipoongea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brian aliwapeleka wazazi wake New York wamwone akipiga katika ukumbi wa Madison Square Garden. Baada ya onyesho Harold alimwambia mwanawe kwamba sasa ameelewa.

Na ule utafiti? Brian aliurudia akiwa na umri wa karibu miaka sitini, akapewa shahada ya udaktari mwaka 2007. Gitaa la pauni 8 limefanyiwa matengenezo mara kadhaa, lakini shingo ni ile ile, na vifungo vya Bibi Ruth bado vimo.