Filamu Ilijibu Swali Ambalo Susanna Aliliacha Wazi

Kila wiki lazima nikutane na klipu ya Angelina Jolie akiwa Lisa, nywele shaghalabaghala, wimbo wa huzuni ukilia nyuma, na kwa komenti wasee wamejaa: "huyu ni mimi". Leo nitawaudhi. Filamu ya Girl, Interrupted, ile ya 1999, imekidanganya kitabu chake. Na huo uongo unatuumiza sisi wengine.

Kitabu kwanza, maana wengi hamjui kipo. Susanna Kaysen alikitoa 1993. Ni maisha yake mwenyewe. Aprili 1967, akiwa na miaka 18, daktari ambaye hawakuwa wamewahi kuonana alimhoji asubuhi moja, akamwitia teksi, akapelekwa Hospitali ya McLean kule Massachusetts. Akakaa huko karibu miaka miwili. Miaka 25 baadaye akatafuta wakili ndio apate faili lake, na kurasa za hilo faili ziko ndani ya kitabu, fomu kwa fomu.

Sasa cheki hii. Yeye anasema daktari alimwona kama dakika 20. Daktari anasema masaa matatu. Susanna hapigi kelele. Anakaa chini na zile fomu, anaanza hesabu: nilitoka nyumbani saa ngapi, safari ilichukua muda gani, hospitali iliandika nimefika saa ngapi. Ni kama mtu anabishana na konda juu ya chenji, ila chenji yenyewe ni miaka yake miwili. Hakwambii alikuwa mzima. Hakwambii alikuwa mgonjwa pia. Anataka kujua nani alipewa haki ya kuamua, na kwa muda gani.

Filamu inafanya nini na hilo swali? Inalijibu haraka haraka ndio iendelee na drama. Lisa na Susanna wanatoroka, wanalala kwa Daisy, asubuhi Daisy amejiua, Lisa anachukua pesa za marehemu na kuyeyuka. Huo usiku wote haumo kitabuni. Kule, habari za kifo cha Daisy zinafika wodini tu, kwa mistari michache, na hiyo mistari ilinikaa kuliko ile sinema yote. Kisha Susanna anarudi, anamsikiliza daktari wake, anaandika kwa daftari, anapona. Lisa naye anapewa kazi ya kuwa yule aliyekataa kupona.

Unajua vile Susanna wa kitabu alitoka? Aliposwa. Anaandika wazi kabisa kwamba 1968 posa ni kitu kila mtu angeelewa. Msichana akipata mwanamume wa kumuoa, basi, amepona, fungueni geti. Hiyo ndiyo sehemu ya kutisha zaidi kwa hadithi yote, na filamu imeitupa.

Mnaniuliza mbona inaniuma hivi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kabla ya hapo nilipelekwa kuona daktari, hospitali sitaitaja, na dakika kumi hazikuisha nikawa nimetoka na karatasi yenye jina la ugonjwa. Sisemi alikosea. Dawa zilinisaidia kulala, hiyo siwezi kukataa, na kama uko kwa dawa usiziache juu ya maneno yangu. Lakini nyumbani ile karatasi iligeuka hukumu. Nikicheka sana, ni ugonjwa. Nikinyamaza, ni ugonjwa. Mathe alikuwa anaongea na wageni juu yangu nikiwa pale pale kwa kochi.

Halafu binamu yangu, kwa roho safi kabisa, akanitumia hiyo filamu na ujumbe: ona, ukiamua unapona. Nikaiona mpaka mwisho. Nikajiuliza, sasa kwa vile bado sijarudi chuo, mimi ni Lisa?

Najua mtasema filamu lazima iwe na stori. Ni kweli, kitabu ni vipande vifupi vifupi, kinaruka huku na huku, na Mangold aliyeielekeza alihitaji kitu cha kushikilia. Jolie alibeba Oscar na alistahili. Na kama iliwahi kukusukuma utafute msaada, sina ubishi na wewe. Ubishi wangu ni mmoja tu: mbona kila walichobadilisha kinaipa hospitali haki? Mngeweza kubuni hata tukio moja la kuipa shaka.

Lisa wa filamu tunamwacha amefungwa kitandani, Susanna akimpaka rangi ya kucha. Kwa kitabu wanakutana njiani miaka kadhaa baadaye. Lisa ana mtoto wake wa kiume, mdogo, wanapiga stori kidogo, kisha kila mtu anashika njia yake. Hiyo sijawahi kuona mkiitengenezea klipu.