Aibu Hailipi Deni

Umewahi kumwona mwenzako akiitazama simu inayolia, kisha akaigeuza kifudifudi mezani bila kuipokea? Wengi wetu hukimbilia kudhani kuna hawara. Lakini katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, anayepiga ni mkopeshaji.

Chukua mfano wa mzee mmoja, tumwite Baba Otieno. Alikopa shilingi 5,000 kwa simu ili aongezee karo, akitumaini kulipa mwisho wa mwezi. Mshahara ukachelewa. Akakopa kwingine kulipa deni la kwanza, na kwingine tena kulipa la pili. Sasa hurudi nyumbani saa tano za usiku, watoto wakiwa wamelala. Mkewe akimwuliza jambo dogo tu, anafoka.

Kinachomtesa Baba Otieno si deni pekee. Ni aibu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba kuona aibu na kujutia kosa ni mambo mawili tofauti. Anayejuta hulitazama tendo na kusema, "Nimefanya jambo baya." Mwenye aibu hujitazama mwenyewe na kusema, "Mimi ni mtu mbaya."

Tofauti hiyo si ndogo. Tendo laweza kurekebishwa: pesa hurudishwa, msamaha huombwa. Lakini mtu akishajihukumu mzima mzima, atarekebisha nini? Huona hana tena uwezo juu ya mambo yake, na linalobaki ni kujificha au kumtupia mwingine lawama. Ndiyo maana Baba Otieno anamfokea mtu asiye na kosa.

Mwaka 2014, June Tangney na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafungwa nchini Marekani. Waliokuwa wepesi wa kujutia matendo yao hawakuelekea sana kurudia uhalifu baada ya kuachiliwa. Aibu haikuwa na faida hiyo. Ilipowafanya wawalaumu wengine, makosa yaliongezeka.

Je, tutupilie mbali aibu? La hasha. Wazee wetu walilijua neno jingine: haya. Haya humzuia mtu kabla hajatenda, na asiye na haya ni wa kuogopwa. Ubaya ni ile fedheha inayomfunga mtu mikono baada ya kosa, wakati ambapo mikono hiyo ndiyo inayohitajika.

Wakopeshaji wa simu waliifahamu vyema nguvu ya fedheha. Baadhi yao walikuwa wakimpigia mama mkwe wa mdaiwa, au mkubwa wake kazini, kumtangazia deni. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilipiga marufuku tabia hiyo. Sheria basi inamkinga mdaiwa na ulimi wa mkopeshaji. Ni nani atakayemkinga na ulimi wa nyumbani?

Ikiwa wewe ndiwe Baba Otieno, chukua karatasi uandike kila deni: unadaiwa na nani, kiasi gani, na lilipwe lini. Kisha mwambie mkeo kabla hajaambiwa na mtu wa nje: "Nilikopa, nikakuficha, nimekosa." Usiishie hapo. Sema utaanza kulipa nini mwezi huu, hata kama ni shilingi 500. Hatua hiyo ndogo itakurudishia usukani.

Nawe mama, hasira ni haki yako. Umefichwa jambo lililohusu unga na karo ya watoto wako. Kemea kufichwa huko, tena kwa ukali ukipenda. Lakini ukimwambia mbele ya watoto, "Wewe si mwanamume," utakuwa umemrudisha mafichoni, na deni litaendelea kuzaa. Afadhali umwulize, "Ni kiasi gani, na tunaanzia wapi?"

Vivyo hivyo kwa mtoto aletaye ripoti mbaya kutoka shuleni. "Umeanguka hesabu, tufanyeje?" humpa kazi ya kufanya. "Wewe ni mjinga" humfundisha kuificha ripoti ya muhula ujao.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama kuna simu iliyogeuzwa kifudifudi nyumbani kwako, leo ni siku njema ya kuigeuza tena na kuzungumza.